Umemhoji Mume, Shamba la Mke

Kama gazeti la wiki iliyopita lilikupita, msomaji, usijali, nakurudisha palepale. Tulimwacha Devotha sokoni Mkuyuni, kinasa sauti mkononi, kitambulisho cha Redio Kileleni kikining'inia shingoni, akitafuta wauza ndizi wa kuwahoji. Mwanamke asiyemjua akamjia kutoka nyuma ya mafungu ya magimbi. Akaikamata kamba ya kile kitambulisho, akamvuta kama anavyovutwa mbuzi aliyeingia kwenye mahindi ya watu, na akamwambia maneno yaliyowanyamazisha wachuuzi wote.

"Wewe ndiye uliyegawa shamba la mama yangu."

Haya. Tuendelee, maana hasira za mama huyu hazikungoja wiki nzima kama wewe ulivyongoja.

"Shikamoo, mama," Devotha alisema. "Niachie kwanza tuzungumze."

"Shikamoo yako kaa nayo."

Watu waliguna. Huku mlimani mtu mzima kukataa shikamoo ya mtoto si jambo dogo. Devotha mashavu yalimwaka moto. Ana miezi minne tu kazini, lakini kazaliwa Kihonda, na mtoto wa Kihonda hakubali kuaibishwa sokoni bila kujua kosa lake.

"Mimi sijagawa shamba la mtu. Mimi ni mwandishi wa habari."

"Eti mwandishi. Hebu sikiliza uandishi wako."

Yule mwanamke akachomoa simu kwenye pindo la khanga, akaibonyeza, akaiinua juu ili soko zima lisikie. Ikatoka sauti ya Devotha mwenyewe, ile ya redioni, nyororo, imepakwa asali.

"Mzee Tomasi, shamba hili lenye chemchemi ni la nani?"

"La kwangu," sauti ya mwanaume ikajibu.

"Na akitokea mwekezaji anayetaka maji haya, utampokea, siyo?"

"Hata kesho aje."

Simu ikazimwa. "Huyo anayejibu ni nani?" mwanamke aliuliza.

"Mzee Tomasi wa Lukwaja. Ndiye mwenye shamba."

Kikatoka kicheko kwenye mafungu ya nyanya, na hakikuwa kicheko cha furaha. Mama mmoja alijifunika uso kwa upande wa khanga.

"Huyo ni mume wangu," mwanamke akasema. "Mimi naitwa Martina. Tomasi kaja kwetu kuoa. Kalikuta shamba, kaikuta chemchemi, kaikuta na nyumba ya mama yangu imesimama. Sisi huku shamba ni la lukolo, la ukoo, na ukoo tunaufuata kwa mama. Mwanaume aliyeoa analima, anakula, anashiba, lakini hagawi hata shimo la panya. Wewe kwenu vipi?"

Kwao vipi. Hapo ndipo palipomchoma. Baba yake Devotha ni mtu wa Rombo, na kwao shamba ni la baba, na kabla yake lilikuwa la babu, na mama ni mtu aliyeletwa. Binti huyu alipanda Lukwaja na Rombo yake kichwani. Akamwona mwanaume amekaa kwenye kiti chenye mgongo, akasema moyoni, huyu hapa mwenyewe. Wala hakujua kwamba ameamua. Alidhani ameona.

"Mbona siku ile hamkuniambia?" aliuliza, na hasira ikaanza kumpanda naye. "Mlikuwepo, mkanyamaza, leo mnanishika shingo."

"Ulituuliza?"

Devotha akayatazama magimbi.

"Nakuuliza, mtoto. Siku ile nani alikuletea maji ya kunywa?"

Hapo akamtazama vizuri. Akaukumbuka mkono ule ulioshika kikombe cha bati. Akakumbuka alivyosema asante mama, akanywa, akarudisha kikombe bila kugeuza shingo.

"Uliniambia nisogee," Martina alisema. "Ukasema nakuzibia picha."

Wallahi, kama ningekuwa mimi ningetamani ardhi inimeze. Devotha yeye alikasirika. Alimkasirikia Tomasi aliyedanganya, akamkasirikia Martina kwa kusema kweli mbele za watu, na chini kabisa, mahali asipotaka kupagusa, alijikasirikia mwenyewe.

"Sasa nisikilize," Martina akaendelea, na sasa ameachia ile kamba. "Leo alasiri kuna mkutano wa kijiji. Bwana mmoja wa kampuni ya maji ya chupa anakuja na spika. Atapiga sauti hiyo mbele ya watu. Mwenyekiti atauliza, mwenye shamba ameridhia, nani anapinga? Nani atapinga? Mikono juu, imekwisha. Mimi na dada zangu watatu na watoto wetu tutabaki tunachungulia chemchemi yetu kwenye uzio."

"Hamna mtu wa kuwasemea?"

"Ukoo husemewa na mjomba, kaka wa sisi akina mama. Kaka yangu Shukuru ndiye alikuwa mjomba wetu, na tumemzika masika haya haya. Wanangu bado wako shule. Hatujamkalisha mwingine mahali pake." Akaichomeka simu kwenye pindo la khanga. "Yule bwana wa kampuni mimi hata sura yake siijui. Anaongea na mume wangu tu, barabarani, kwenye gari. Wewe ndiye uliyemwonyesha mlango. Alimsikia Tomasi kwenye redio yako, wiki haijaisha yuko Lukwaja."

Devotha akatoa simu yake. Akampigia mhariri wake.

Mhariri wa habari wa Redio Kileleni anaitwa Sheetal, binti wa wenye duka la vitambaa pale mjini, na ukali wa mdomo wake unajulikana mpaka Gairo. Alipokea mara moja.

"Dada Sheetal, ile stori ya Lukwaja ina makosa. Nataka tuombe radhi leo hii."

"Makosa ya nani?"

"Ya yule mzee. Kadanganya. Shamba ni la mkewe, na leo alasiri kampuni ya maji itaipiga sauti yake kwenye mkutano wa kijiji."

"Nimekuuliza makosa ya nani, Devotha."

Soko lilikuwa linamtazama. "Yangu," akasema.

"Sawa. Sasa tunaweza kuongea. Wiki ile mimi nilikuwa Dar msibani, ningekuwepo isingepita hata mlangoni. 'Utampokea, siyo?' Hilo ni swali au ni kijiko? Unamlisha mtu maneno, anameza, halafu unakwenda hewani unasema kasema mwenyewe. Nani alikupa swali hilo?"

"Hakuna. Nilitaka stori iwe na utamu."

"Utamu." Sheetal alilitamka kama anatema kokwa. "Basi kuomba radhi studio, mimi na wewe na feni ya darini, hakumrudishii mtu shamba. Nenda kwenye huo mkutano. Nataka sauti ya huyo mume, nataka sauti ya mama mwenye shamba, na nataka sauti ya kampuni. Zote tatu. Nitakuunganisha moja kwa moja kwa simu. Ukishakuwa hewani hakuna kufuta, unanielewa?"

"Naelewa, dada."

"Na usilie hewani. Ukitaka kulia, lia sasa hivi."

Devotha hakulia. Alimgeukia Martina. "Twende kwa mumeo," akasema.

Bodaboda mbili zikawapandisha mpaka Lukwaja. Wakamkuta Tomasi uani, anageuza maganda ya mdalasini juani. Ni mwanaume mrefu, mikono imekomaa kwa jembe. Alipoiona sura ya mkewe ikiongozana na kile kitambulisho, aliweka chini ganda alilokuwa nalo.

"Karibuni," alisema, bila kumwangalia yeyote.

Martina hakukaa. Alisimama kwenye nguzo ya baraza, mikono kifuani. Na Devotha, ambaye njia nzima alikuwa amepanga kumrarua mzee huyu kwa maneno, akawasha kinasa sauti, akafungua mdomo, kisha akaufunga. Alikumbuka kijiko. Akavuta kigoda, akakaa chini kuliko yule mzee, akauliza swali fupi.

"Baba, shamba hili ulilipataje?"

Tomasi alikohoa. "Nalilima."

"Ulilipataje?"

"Nimepanda iliki mimi. Ile migomba ya kule chini, mimi. Mifenesi nimeikuta, lakini ile mipya nimeipanda mimi."

Devotha hakusema kitu. Alingoja. Kuku akapita kati yao, akadonoa, akaondoka. Mwandishi mchanga anaogopa ukimya kuliko nyoka, na mara ile ya kwanza angeuziba haraka kwa maneno yake mwenyewe. Leo aliuacha.

"Nimekuja hapa kijana," Tomasi akasema mwishowe, na sauti ilikuwa imebadilika. "Nimelima mpaka mgongo umepinda. Watoto niliowazaa ni wa ukoo wa mama yao. Nikifa leo, ndugu zangu watakuja kuchukua maiti yangu, basi. Wakikaa kuzungumzia shamba naambiwa, shemeji, tupishe kidogo. Napisha. Miaka yote napisha. Halafu anakuja mtoto na mashine yake, kavaa viatu vizuri, ananiuliza mbele ya watu, mzee, shamba hili ni la nani." Akamwangalia Devotha kwa mara ya kwanza. "Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo tangu nizaliwe. Nikasema la kwangu. Ilikuwa tamu mdomoni, binti. Nikaisikia redioni jioni yake, nikaona raha."

Martina aliushusha mkono mmoja.

"Na yule bwana alipokuja?" Devotha aliuliza.

"Alikuja na heshima zote. Shikamoo mzee mwenye shamba. Ningeanzia wapi kusema si langu?"

"Ungeanza na mimi," Martina alisema. "Tunalala kitanda kimoja."

"Wewe ungenicheka."

"Ningekucheka, ndiyo. Halafu ningekupikia. Sasa umekwenda kumpa mtu baki chemchemi ya mama yangu kwa sababu ya kicheko?"

Martina machozi yalikuwa yamemjaa, akayafuta kwa nguvu kama vile yamemkosea. Tomasi akainama. Devotha aliona aibu kuwa pale, kwa kuwa fimbo iliyowachapa hawa wote wawili alikuwa ameikata yeye.

"Baba," aliuliza taratibu, "shamba hili ni la nani?"

"Ni la kina Martina."

"Utasema hivyo mkutanoni?"

Tomasi aliokota lile ganda la mdalasini, akaligeuza, akaliweka tena. "Nitaonekana mjinga."

"Utaonekana," Martina alijibu. "Vaa shati."

Uwanja wa ofisi ya kijiji ulikuwa umejaa. Wanaume kwenye mabenchi upande mmoja, wanawake kwenye mikeka upande wa pili, na mbele jukwaa dogo la mbao lenye meza iliyofunikwa kitambaa cha bluu. Spika mbili kubwa zilifungwa juu ya gari. Nyuma ya meza, kando ya mwenyekiti wa kijiji, alikaa mwanaume wa makamo, shati jeupe limepigwa pasi, tabasamu halimtoki.

Huyo ndiye Eustace, mtu wa kampuni. Siku hizi mtu akija kukunyang'anya kitu haji na rungu. Anakuja na tabasamu na maji baridi, anawagawia watu chupa, mnakunywa maji yenu wenyewe huku mnamshukuru. Nikisimulia haya damu inanichemka.

"Ndugu zangu," Eustace aliinuka, sauti ya upole, "sisi hatupendi kulazimisha. Tumekuja kwa sababu mwenye shamba mwenyewe alitualika. Naomba mumsikie."

Akabonyeza simu. Spika zikanguruma, na ile asali ya Devotha ikamwagika uwanja mzima. La kwangu. Hata kesho aje. Wanaume wengine wakatikisa vichwa kukubali. Mwenyekiti akakohoa, tayari kuuliza lile swali lake la mikono.

"Mwenyekiti, naomba nafasi."

Vichwa vikageuka. Devotha alikuwa ametoka kwenye mikeka ya wanawake. Simu yake ilikuwa wazi, waya wa sikioni umemning'inia, na ndani ya sikio Sheetal alikuwa amesema maneno mawili tu: uko hewani.

"Mimi ndiye ninayesikika kwenye sauti hiyo," alisema. "Naitwa Devotha, wa Redio Kileleni. Mahojiano hayo niliyafanya vibaya. Nilimuuliza mtu asiyehusika, nikamtilia jibu mdomoni, nikaondoka. Mwenye shamba alikuwepo, alinipa maji, na mimi nikamwambia anaziba picha. Naomba radhi kwake, na naomba radhi kwenu. Na sasa namwomba baba Tomasi aseme mwenyewe."

Minong'ono ikapita. Eustace bado alikuwa anatabasamu. Tomasi aliinuka kwenye benchi, shati limekunjika begani, akasimama muda mrefu kiasi kwamba kijana mmoja nyuma akaanza kucheka.

"Si langu," Tomasi akasema. "Nimeoa tu. Shamba ni la kina Martina."

Vigelegele vikapasuka kwenye mikeka. Wanaume wakazomea, wengine wakacheka, na mzee wa watu akabaki amesimama katikati ya kicheko kile alichokikimbia maisha yake yote, hakuketi mpaka kilipokwisha. Hapo Martina alimtazama mumewe kwa jicho ambalo Devotha hakuwahi kuliona siku nzima.

Ilitosha. Msomaji wangu, hapo ilitosha kabisa. Devotha angeshukuru akakaa, mkutano ungevunjika, na mimi ningetafuta hadithi nyingine. Lakini hasira ikishaonja ushindi haishibi. Alimwona Eustace bado anatabasamu, akataka kulifuta lile tabasamu mbele ya kijiji kizima na mbele ya redio nzima. Akapanda jukwaani, akamnyooshea kinasa sauti mpaka kidevuni.

"Bwana Eustace, huku ukoo husemewa na mjomba. Kampuni yako kabla ya kuja hapa na spika, ilizungumza na mjomba wa ukoo huu?"

Alijua jibu. Mjomba yuko kaburini tangu masika. Alikuwa amemfungia bwana yule milango yote miwili, ndiyo ya uongo na hapana ya aibu, akingoja aone atatokea wapi.

Martina, kule chini, akainuka ghafla. Alikuwa ametazama sura ya Eustace kwa muda mrefu, na sasa mkono ulikuwa mdomoni. "Binti," aliita, "usimuulize hilo."

Alikuwa amechelewa.

"Swali zuri sana," Eustace alisema, akashika kinasa sauti pamoja na mkono wa Devotha, taratibu, ili kisikie vizuri. "Mjomba ni mimi."

Hakuna aliyecheka.

"Mama yangu aliitwa Magreth. Alitoka hapa Lukwaja msichana, akaenda kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa, akanizalia huko. Magreth na mama yake Martina ni tumbo moja. Shukuru alikuwa kaka yangu. Sasa Shukuru hayupo, na mwanaume mtu mzima wa lukolo hili aliyebaki ni mimi peke yangu." Akamgeukia Devotha, na tabasamu likaongezeka. "Sauti ya shemeji Tomasi ilikuwa njia ya mkato, dada mwandishi. Wewe umeifunga, halafu mwenyewe umeniuliza njia kubwa iko wapi."

Devotha aliteremsha macho kwenye mikeka. Bibi mmoja alikuwa anatikisa kichwa juu, chini, juu, chini, macho kwenye uso wa Eustace.

"Mama Martina," Devotha aliita, sauti imekauka, "ni kweli?"

"Magreth alizaa mtoto wa kiume," Martina alijibu. "Hakumleta hata siku moja. Lakini pua ile ni ya mama yangu."

"Basi," Eustace alisema. "Mwandishi, niulize mimi sasa. Niulize lile swali lako. Shamba hili ni la nani?"

Akangoja, kidevu kimeinuka, Morogoro nzima ikisikiliza redioni. Akiuliza, Eustace atajibu, na mara hii jibu litakuwa la mtu anayehusika. Devotha alimtazama mwanaume huyu ambaye mama yake alichota maji kwenye chemchemi ile akiwa msichana, naye amekuja kuitia kwenye chupa. Chuki aliyoisikia hakuwa na jina lake. Akakivuta kinasa sauti kutoka mkononi mwake kwa nguvu, akampa mgongo, akashuka ngazi, akaenda kukiweka mbele ya mdomo wa Martina.

"Mama," alisema, "samahani kwa kuchelewa. Shamba hili ni la nani?"

Martina alikishika kwa mikono miwili. Akavuta pumzi.

"Ni la lukolo. Na huyu, kama ni mtoto wa Magreth, ni wetu, simkatai. Lakini mjomba hajitangazi juu ya jukwaa la mbao. Kwetu sisi mjomba hukalishwa na dada zake, chini, kwenye mkeka, mbele za watu. Akishakaa hapo neno lake ni neno letu, hatulipingi. Ila naye akishakaa ni mtu wa hapa. Analala hapa, analima hapa, anatuzika na anazikwa hapa. Hana tena mwajiri wa mjini wa kumtuma kwa dada zake." Akageuka, akavuta mkeka uliokuwa umekaliwa na dada zake, akaukung'uta vumbi, akautandika peke yake kwenye udongo mtupu. "Haya, mtoto wa Magreth. Shuka uje ukae. Au sema mbele ya hao wanaosikiliza kwamba wewe ni mtu wa kampuni, urudi ulikotoka."

Dada zake watatu wakaja kusimama nyuma ya ule mkeka, mmoja baada ya mwingine. Juu ya gari spika zilikuwa zikivuma.

Devotha alielewa. Martina alikuwa amecheza karata yake ya mwisho. Mwanaume mwenye shati kama lile hatashuka kuja kukaa mavumbini na kuwa mkulima wa Lukwaja. Hathubutu. Na tabasamu la Eustace, kwa mara ya kwanza mchana ule, lilikuwa limepotea. Alimtazama mwenyekiti. Akalitazama gari lake na spika zake. Akautazama ule mkeka muda mrefu.

"Mama," Devotha alinong'ona, "na akikaa kweli, akaigawa chemchemi?"

Rangi ilikuwa inamtoka Martina usoni, kwa sababu juu ya jukwaa Eustace alikuwa ameinama, na alikuwa anavua viatu.